Kibaba cha Hewa

Inuvik, mwezi wa tatu, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri.
Noreen Koe anaizunguka ndege kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani:
anagonga bawa, anainama chini ya tumbo,
anavua glavu ya nje kwa meno.
Injini zimelala na mablanketi tangu jana,
mekundu, yenye mikanda.
Sisi wa nyumba ya wageni tunazionea wivu.

Mama aliniuliza kwa simu, kutoka Muheza:
Hiyo kazi yako, mwanangu, unapima nini hasa?
Hewa, nikamjibu.
Akanyamaza kidogo.
Kwa kibaba au kwa pishi? Na mnunuzi nani?
Nilicheka. Lakini swali lilipanda nami ndegeni,
likafunga mkanda.

Puani mwa ndege umetokeza mrija wa chuma
usiozidi mkono wa mtoto.
Hiyo ndiyo kata yetu, na mbingu ndiyo mtungi.
Tunateka methani, chumvi ya bahari,
masizi ya majiko tusiyoyajua
yaliyokuja huku juu bila kuitwa.

Tukaruka. Mto Mackenzie umejinyoosha chini yetu,
vidole vyake vyote vimegandia shukani.
Lori moja linaelekea Tuktoyaktuk, dogo, lina haraka.
Halafu hakuna lori. Halafu hakuna nchi,
ni barafu tu, na mahali fulani ufa mweusi
unaofuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Noreen akashuka mpaka mita sitini.
Tumbo langu likabaki juu.

Tazama, akasema Odile, mwanafunzi wetu kutoka Rimouski,
tazama mstari ulivyotulia!
Na kweli ulitulia, umenyooka kama ukingo wa rula,
na yeye akatabasamu kama aliyejifungua salama.
Nami nikaona baridi ambayo si ya nje.
Hewa iliyo hai haitulii.
Hata ya chumba cha mgonjwa hutikisika mlango ukifunguliwa.
Nikapapasa pampu, nikasoma kanieneo,
nikajua: mrija umeziba.
Dakika arobaini tulikuwa tukipima pumzi ileile,
tukiizungusha, tukiizungusha,
kama mtu ahesabuye sarafu moja mara elfu
akajiona tajiri.

Bandani, chini ya taa,
nilichokoa barafu isiyozidi ukucha wa kidole kidogo.
Iliniangukia kiganjani, ikawa maji,
ikawa si kitu.
Mafuta yote yale, ule ufa uliofuka,
na mwizi wetu sikuweza hata kumwonyesha mtu.

Odile alikaa juu ya sanduku la vifaa, macho mekundu.
Tuna namba za kabla, akasema, na tuna namba za baada.
Tunaweza kuziunganisha, taratibu, mstari mmoja laini.
Nani atajua?

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Nilitaka kumwambia hivyo, nikakosa Kifaransa chake,
na Kiingereza changu kikawa kifupi.
Haba na haba, tulifundishwa, hujaza kibaba.
Hatukufundishwa haba ya uongo hujaza nini.
Nikafungua daftari, wino ukagoma kwa baridi,
nikaupulizia, nikaandika:
*Saa nane na dakika kumi hadi saa tisa kasoro dakika kumi. Hatuna.*
Nikampa kalamu.
Alisoma muda mrefu kuliko maneno yenyewe.
Akatia sahihi yake chini ya yangu, ndogo, imeinama.

Usiku mama alipiga.
Leo mmepata vibaba vingapi?
Pungufu, nikamwambia.
Afadhali pungufu, akasema, kuliko kibaba chenye mawe,
na papo hapo akaanza habari za bei ya sukari.

Dirishani nilimwona Noreen bado yuko uwanjani,
anazifunika injini zake, moja, halafu ya pili,
anavuta mikanda, anapima ukazaji wake kwa kidole.
Kesho saa mbili, alikuwa amesema.
Na hewa, huko juu, ilikuwa ikipita bila kutungoja.